Figo Haiugui Peke Yake

Katika daftari la michango ya msikiti wetu wa Handeni upo ukurasa uniumao. Ulianza kwa nauli na gharama za mzee wetu aliyesafishwa damu mara tatu kwa wiki, nasi na jamaa zake wa Korogwe tukichanga. Uliishia kwa bei ya sanda. Allah amrehemu.

Alipopauka, tulimshauri anywe rosela. Miguu ilipovimba, tukasema ni uzee. Presha ilipopanda, tukasema ni mawazo. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja. Figo huchuja damu, hudhibiti presha, na hutoa homoni inayouamrisha uboho kuzalisha chembe nyekundu.

Wataalamu wa baiolojia ya mifumo huyatazama hayo kwa pamoja: jeni, protini za mkojo na presha, wapate kujua hitilafu ilipoanzia. Mwaka 2010 ilibainika kwamba aina mbili za jeni ya APOL1, zinazowakinga Waafrika na malale, huweza kuzidhuru figo za aliyezirithi kwa wazazi wote wawili.

Ndugu zangu, mwili ni amana. Mwenye kisukari au presha na apime mkojo na damu mapema, kabla jina lake halijaingia daftarini.