Injini Inaponoki

Injini ya gari hufa kwa njia chache zinazojulikana. Oili ikipungua, beringi za krenki hukosa ulainisho, husagika na kuanza kugonga. Hapo mafundi husema injini imenoki. Maji yakikauka kwenye rejeta, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Mkanda wa taimingi ukikatika kwenye dizeli, valvu hugongana na pistoni. Njia hizo hazijabadilika sana tangu zama za Peugeot 404. Kilichobadilika Dar es Salaam, ndani ya kumbukumbu ya watu ambao bado wanaendesha, ni uamuzi unaofuata: itengenezwe injini ileile, inunuliwe nyingine, au gari lenyewe liachwe?

Katika miaka ya 1970 uamuzi huo haukuwapo. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, fedha za kigeni zilikuwa haba, na aliyebahatika kupata kibali cha gari hakutarajia kupata cha pili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983, kwa hiyo hata spea za Peugeot zilizokuwa zikifuatwa Nairobi zikawa za kuviziwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba ndogo iliyobaki. Injini iliyokufa ilifufuliwa, au gari lilikaa juu ya mawe.

Kuifufua kulikuwa na utaratibu wake. Fundi alianza kwa kusikiliza: ncha ya bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, injini ikiunguruma. Mlio mzito wa chini ulimwambia ni beringi kubwa za krenki. Mwepesi wa juu, valvu. Injini ikishushwa na krenki kutolewa, alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma kilichong'aa. Ukucha ukiteleza, krenki ilipolishwa tu na kuvishwa beringi mpya. Ukikwama kwenye mfereji, krenki ilipelekwa karakana kuchongwa. Kwa Land Rover na magari mengine ya Kiingereza saizi zilitajwa kwa sehemu za elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Kila uchongaji ulipunguza unene wa chuma, na krenki iliyofika arobaini ilikuwa imefika mwisho wa safari. Aliyetaka kununua gari kwa mwenzake aliuliza kwanza krenki imechongwa mara ngapi, ndipo akaangalia rangi.

Ndiyo maana Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa 1968, ilipendwa kuliko magari yaliyokuwa mazuri zaidi ya kutazama. Silinda zake zilikuwa slivu za chuma zinazochomoka kwenye bloku. Pistoni zikichakaa, fundi alitoa slivu nne, akaingiza slivu nne pamoja na pistoni zake, na bloku ikabaki kama ilivyotoka kiwandani. Hapakuwa na haja ya mashine ya kutoboa silinda. Injini ya namna hiyo iliweza kufanyiwa ovahoo, yaani kufumuliwa yote na kujengwa upya, mara nyingi, mradi slivu zipatikane. Zisipopatikana, ulianza ubunifu: ringi za gari jingine zikachongwa ncha, gasketi zikakatwa kwa mkasi, na beringi iliyolegea ikawekewa chini yake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili gari lifike tu. Leo ubunifu huo husimuliwa kwa fahari. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa mateso, na injini nyingi zilizofufuliwa hivyo zilinoki tena baada ya muda mfupi.

Mlango ulifunguka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka uliofuata, ruhusa hizo zikapanuka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kujaa bandarini. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, usukani uko kulia, na ukaguzi wake wa lazima wa magari, unaorudiwa kila miaka miwili baada ya ule wa kwanza, huwafanya wenye magari wengi huko kuona afadhali wauze mapema. Corolla ambayo mwenyewe aliichoka Japani ilikuwa neema Kinondoni.

Nyuma ya magari zikaja injini. Zilifika kwenye makontena, nyingine moja kwa moja kutoka Japani, nyingine kupitia Dubai na Sharjah, kwenye yadi zinazokata magari na kuuza vipande. Gerezani na mitaa ya spea ya Ilala zikapangwa barazani juu ya matairi ya zamani, zikiwa zimefungwa waya na bado zina matope ya nchi nyingine. Nairobi mambo yakawa hayohayo kwenye maduka ya spea ya Grogan. Kwa mara ya kwanza mwenye gari lililonoki alikuwa na njia mbili, na mara nyingi ya pili ilikuwa ya haraka zaidi. Ovahoo ilichukua wiki za kwenda karakana na kurudi. Injini ya mtumba ilifungwa kwa siku mbili. Gereji bubu chini ya mwembe, ambayo haikuwa na mashine yoyote ya kuchonga, ikaweza kufanya kazi iliyokuwa ya karakana kubwa. Hata Land Rover za zamani zikapachikwa dizeli za Isuzu na Toyota na kuendelea kupanda milima.

Mabadiliko ya mwisho yalitoka kiwandani. Injini za Toyota kama 4K na 5A zilikuwa na bloku ya chuma cha kusubu, ambayo silinda yake huweza kutobolewa kidogo na kuvishwa pistoni kubwa zaidi. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Raum na Probox zilizojaa barabarani leo, ina bloku ya alumini yenye slivu nyembamba za chuma zilizosubiwa humohumo. Hazichomoki kama za Peugeot, wala hazina unene wa kutobolewa kwa usalama. Ikichemka hadi bloku ikapinda, fundi bora kuliko wote hana la kufanya. Hapo ndipo neno ovahoo lilipobadilika maana bila watu kushtuka: katika gereji nyingi sasa huwa ni kubadili ringi, beringi na gasketi tu, jambo linalosaidia injini iliyochoka lakini halifufui iliyokufa.

Kwa hiyo uamuzi wa leo huanza na kipimo, na hapa ndipo wengi huharakishwa. Gasketi iliyoungua si kifo cha injini. Hedi ikikaguliwa na kunyooshwa mapema, gari hurudi barabarani. Kompresheni ipimwe silinda moja moja, na kata ya oili ifunguliwe kutazamwa kama kuna chembe za chuma. Kubadilisha injini kabla ya hapo ni kununua jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Ikithibitika imekufa, hesabu ni ya bei mbili: gari litauzwaje likiwa zima, na litauzwaje lilivyo. Chukua mfano wa gari la milioni 9 likitembea na milioni 4 likiwa limelala. Injini ya mtumba, ufundi, oili na vikorokoro vikigharimu milioni 3, ni halali kulitengeneza. Likiwa la milioni 5 likitembea na milioni 3 lilivyolala, milioni 3 hizo hazitarudi. Sokoni thamani hiyo husomwa kwenye herufi za kibao cha namba: namba A au B hushusha bei, namba D au E huipandisha. Ni kipimo cha ovyo, maana herufi husema gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitengenezwa lini, lakini mnunuzi hulipa kwa kukifuata.

Upande wa pili wa mizani kuna gharama ya gari mbadala. Gari linaloagizwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu umri wake ukizidi miaka 8. Kenya haiyapokei kabisa magari yaliyovuka miaka 8, hivyo la zamani likifa huko haliwezi kupata mrithi wa umri wake kutoka nje. Kodi hizi zimeokoa injini nyingi kuliko mapenzi ya wenye magari.

Anayechagua injini ya mtumba aitazame kabla ya kulipa. Chini ya kifuniko cha oili pasiwe na utando mweusi mzito, krenki izunguke kwa mkono, na waya pamoja na kontroli boksi vilingane na vya gari. 1NZ yenye throto ya kebo na yenye throto ya umeme hazipokezani hivihivi. Dhamana ya muuzaji huwa ya siku chache, wakati mwingine ya kuwasha tu. Adai pia risiti na karatasi za forodha, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na mabadiliko yake hupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwenye gari asiyefanya hivyo ataendesha miaka bila kuulizwa, kisha siku ya kuuza mnunuzi atafunua boneti, atalinganisha namba na kadi, na bei yote waliyokubaliana itaanza upya.