Mbona Hajaitwa Kisheti?

Wiki iliyopita nusura nilizwe, mpenzi msomaji! Nimebanwa kwenye daladala, ujumbe ukaingia: "Shosti nimekwama, nirushie elfu hamsini, kesho nakurudishia." Picha ya shosti wangu, jina lake kamili. Nilikuwa nayo hiyo elfu hamsini, ya kodi ya chumba. Kidole kikaanza kubonyeza.

Halafu nikashtuka. Mbona hajaitwa Kisheti?

Sikia bwana. Sisi tunachati kwenye Nostr, mtandao ulioanza mwaka 2020. Kule hakuna ofisi kuu ya kugawa majina, hivyo yeyote anaweza kujiita Rais na picha ya Rais akabandika. Kisichogushika ni ufunguo wa mtu, lundo la herufi na tarakimu 63 linaloanza na npub. Nani atalikariri hilo? Mimi hata namba ya mama sijaikariri! Ndiyo maana unampachika mtu jina unalotaka wewe, linashikamana na ufunguo wake, kama unavyoandika "Fundi Cherehani" kwenye simu. Shosti nilimpachika Kisheti tukiwa tumekaa benchi moja, ufunguo nikauchukua kwenye simu yake mwenyewe. Tapeli kaiba picha na jina, lakini ufunguo wake mwingine, Kisheti ataupata wapi?

Nikampigia. Yuko saluni anasukwa, hana habari. Akacheka weee! Nikamuuliza, na wewe umeniandikaje huko?

"Mdeni."

Ni kweli, ananidai elfu kumi tangu Idi.