Siku Kumi Kanazi kwa Wasiopenda Mazoezi

Tulifika Kanazi miguu ikiwa imevimba. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,400, nasi, mume na mke pamoja na watoto watatu, tulizimaliza zote tukiwa tumeketi. Shangazi alitupokea mlangoni. Baada ya salamu na dua aliitazama ile miguu iliyokataa kurudi ndani ya viatu, akauliza tulikuwa tukifanya kazi gani njiani. Tukamjibu kwamba hatukufanya kazi yoyote, tulikuwa tumekaa tu. "Basi mmechoka kwa kukaa," akasema, akacheka, akaenda zake jikoni.

Yeye alikuwa anatania, lakini sisi maneno yale yalituingia. Miezi miwili kabla ya safari mume alikuwa amepimwa na kukutwa na kisukari. Daktari aliandika dawa, na chini ya dawa akaandika neno moja: mazoezi. Dawa tulizinunua siku ile ile. Lile neno la chini ndilo lililotushinda.

Tukiri wazi, ndugu msomaji, kwamba sisi si watu wa mazoezi. Tulijaribu. Mume alilipia mwezi mzima katika jimu moja ya mtaa wa jirani, akaenda mara tatu. Mke alikwenda mara moja, akakuta wanaume na wanawake wamechanganyika, vioo kila ukuta na muziki wa kupasua masikio. Akauliza kama ipo saa ya akina mama peke yao, akaambiwa ipo, saa nne asubuhi, wakati ambao yeye yuko dukani anauza. Tukajiunga na kikundi cha kukimbia alfajiri ya Jumamosi. Wiki ya pili mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa ameamka akatukuta tunafunga kamba za viatu, aliuliza, "Mnakimbia kwenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata tulilala.

Wala hatuko peke yetu katika tatizo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 wenye kisukari kuwa karibu 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la damu karibu 26. Ukihesabu safu moja ya waumini siku ya Ijumaa utaona maana yake.

Kanazi ni kata ya Bukoba Vijijini, kusini mwa mji wa Bukoba. Zama za Wajerumani hapa ndipo yalipokuwa makao ya Omukama Kahigi wa Kihanja, na wageni wengi huja kwa ajili ya historia hiyo. Sisi tulikuja kwa sababu ni likizo ya Juni, mvua zimepungua, kahawa inavunwa, na shangazi alikuwa ametuita miaka minne mfululizo.

Asiyeifahamu nchi ya Wahaya huenda akafikiri shamba ni mahali pa kwenda na kurudi. Kibanja hakiko hivyo. Kibanja ndiyo nyumba yenyewe: migomba imeizunguka pande zote, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, na juu ya udongo wote limetandazwa tabaka la nyasi kavu linalozuia magugu na kutunza unyevu. Nyasi hizo hazioti kibanjani. Hutoka rweya, yaani uwanda wa wazi ulio nje ya makazi, ambako udongo ni maskini na migomba haistawi. Kwa vizazi na vizazi watu wamekata nyasi rweya, wakazifunga mizigo, wakazibeba hadi kibanjani pamoja na samadi ya ng'ombe, na ndiyo sababu ardhi ya kibanja ni nyeusi na ya rweya imepauka, ingawa zimetenganishwa na hatua chache tu. Rutuba ile imebebwa kwa miguu ya watu.

Siku ya kwanza tulikaa kama wageni. Tukaletewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikaanikwa, ambazo Mhaya hamkaribishi mgeni bila ya kumpa. Siku ya pili bomba halikutoa maji, na mambo yakabadilika.

Vijiji vya huku vimekaa juu ya migongo ya vilima, chemchemi ziko mabondeni. Kutoka kwa shangazi hadi chemchemi ni robo saa ya kuteremka, na kurudi ni karibu nusu saa, kwa sababu dumu la lita 20 ni kilo 20 na njia imesimama. Shangazi alitengeneza ngata ya majani makavu ya mgomba, akamvisha mke kichwani, akampa dumu la lita 10 tu, kwa huruma. Mume akachukua la lita 20 na kulibeba kwa mkono, akabadilisha mkono mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Katikati ya mlima tulipumzika mara nne. Shangazi, aliyepita umri wa miaka 60, alitusubiri juu huku dumu likiwa bado kichwani.

Tulipofika, mume alitoa kifaa chake cha kupimia sukari na kutoboa kidole. Kipimo kilikuwa chini kuliko asubuhi yoyote ya wiki ile. Hatukustaajabu kwa muda mrefu, maana daktari alikwishatueleza: msuli unapofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu, hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi yake sawasawa. Lakini kusikia ofisini kwa daktari ni jambo moja, na kuliona jambo lenyewe juu ya kidole chako, ukiwa bado unahema, ni jingine.

Tangu siku ile hatukusubiri kuambiwa. Asubuhi maji. Kisha mume anaondoa majani makavu ya migomba kwa kisu kilichofungwa katika mti mrefu, shingo ikitazama juu hadi inauma; mke na watoto wanachuma kahawa nyekundu, wakiinama kwa matawi ya chini na kunyoosha mikono kwa ya juu, kisha wanazianika na kuzigeuza jua linapopanda. Adhuhuri msikitini kwa miguu. Alasiri rweya na shangazi kukata nyasi. Watoto, ambao Dar es Salaam huwa tunawafukuza kutoka kwenye simu, walicheza rede na watoto wa jirani hadi magharibi, na usiku hawakuhitaji kubembelezwa kulala. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamka neno mazoezi. Lile swali la mtoto, mnakwenda wapi, hapa lilikuwa na jibu kila mara: kwenye maji, kwenye kahawa, msikitini, kwa jirani aliyefiwa.

Nadhani, au tuseme tunadhani, kwa kuwa katika jambo hili tulikubaliana bila ubishi, hapo ndipo penye siri kwa watu wa namna yetu. Wapo wanaofurahia kukimbia kwa ajili ya kukimbia, na Allah awazidishie. Sisi mwili wetu hautaki kuamka mpaka uwe na mahali pa kufika. Na sayansi imekuja karibu na hali yetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini pumzi haimtoshi kughani kaswida. Mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka kila kipande cha mwendo kisipungue dakika 10. Ule mpya umeliondoa sharti hilo. Dakika nne za ngazi nazo zinahesabiwa.

Msikitini tulimkuta mzee mmoja aliyekuwa akija kutoka mbali kwa fimbo, naye alitukumbusha habari ya Banu Salima. Hawa walikuwa ukoo mmoja wa Madina walioishi mbali na msikiti, wakataka kuhamia karibu, na Mtume (SAW) akawaambia wabaki katika makazi yao kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Imepokewa na Jabir, nayo imo katika Sahihi Muslim. Hatusemi kwamba swala ni mazoezi, wala hatupendi mhadhara unaoigeuza rukuu kuwa tiba ya mgongo. Swala ni ibada na yatosha iwe ibada. Tunasema tu kwamba sisi, ambao msikiti wetu uko mwendo wa dakika nane, tulikuwa tukienda kwa pikipiki.

Sasa lazima tuseme upande ambao hatukuuona siku za mwanzo, kwa kuwa tulikuwa tumenogewa. Siku ya sita shangazi alikaa kitako jioni, akanyoosha mguu wa kulia na kuusugua goti kwa mafuta. Mke akamuuliza limeanza lini. "Mwanangu, hili lina miaka," akasema. Lilianza kwa mizigo: maji, nyasi, kuni, mikungu ya ndizi. Kile ambacho kwetu kilikuwa dawa ya siku kumi, kwake kilikuwa kazi ya miaka arobaini na zaidi, bila siku ya mapumziko. Na tulipoangalia vizuri tukaona kwamba kule kijijini pia mwendo haukugawanywa sawa. Asubuhi tulipokuwa tukipanda na madumu, tulipita kila siku penye benchi moja la njiani, wamekaa wanaume wenye nguvu zao wanatafuna kahawa na kucheza bao. Mmoja wao alikuwa mtoto wa ndugu ya shangazi, kijana anayelala nyumba ya pili, mwenye bodaboda, ambaye kutoka nyumbani hadi benchi hilo huenda kwa bodaboda. Nadra kumkuta akitembea hatua mia. Walimcheka mume: "Shemeji wa mjini, maji kazi ya wanawake!" Hata jina walikosea, kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumba ile, si shemeji.

Mume hakujibu kwa hasira. Aliliweka dumu chini na kuwaambia kwamba ana kisukari, na kwamba hii ndiyo dawa yake ambayo hailipiwi. Benchi likanyamaza. Mzee mmoja akauliza kisukari kinaanzaje, na mazungumzo yakachukua saa nzima. Kiu ya usiku, kukojoa mara kwa mara, kidonda kisichopona: wawili walisema wanazo dalili hizo. Tukawahimiza wakapime.

Siku nne zilizobaki shangazi hakwenda bondeni. Alikwenda mume, mara mbili kwa siku, na mara moja mke, kwa sababu alisema asinyimwe sehemu yake.

Tumesharudi Dar es Salaam, ambako hakuna kibanja wala chemchemi, na kwa hiyo tulilazimika kuvitafuta vyetu. Pikipiki ya msikitini tumeiacha, isipokuwa mvua. Tunashuka daladala kituo kimoja kabla. Sokoni mke huenda kwa miguu na kurudi na kikapu, mara tatu kwa wiki badala ya kununua vya wiki nzima siku moja, na vitu ni vibichi zaidi. Mume amechukua kufua na kudeki. Mwanzo watoto walishangaa, sasa hawashangai, ingawa kufua kwake bado kunaacha sabuni kwenye kola. Baada ya chakula cha usiku tunatembea mtaani sisi wawili robo saa, kwa kuwa mwendo wa baada ya kula ndio unaoizuia sukari isipande sana, na hiyo robo saa imekuwa pia saa yetu ya kuzungumza mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Gharama yake yote ni jozi moja ya viatu vinavyoziba vidole, maana mwenye kisukari asitembee na kandambili, na kila usiku atazame nyayo zake kama zina mchubuko. Mfukoni mume huweka peremende, kwa ajili ya siku ambayo sukari itashuka ghafla. Anayetumia dawa kama zake aongee na daktari wake kabla ya kuongeza mwendo.

Vidonge hajaviacha, na hakuna aliyemwambia aviache. Vipimo vimeshuka, si kama vya mtu mzima wa afya, lakini vimeshuka, alhamdulillahi. Kuna wiki tunateleza. Wiki ya mitihani ya watoto hatukutembea hata usiku mmoja.

Ijumaa iliyopita tulimpigia shangazi kumjulia hali. Goti linauma bado, amepewa dawa ya kuchua. Tukamuuliza nani anayemletea maji siku bomba lisipotoa. Akasema yule kijana wa nyumba ya pili, tangu tuondoke hajamwacha ateremke bondeni hata siku moja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

"Ila," akasema, na tukamsikia anacheka kama siku ile ya mlangoni, "anayaleta kwa bodaboda."