Nilizani Nimemaliza

Mwezi huu nataka kuwaeleza kosa langu, labda litasaidia mutu.

Katika mwezi wa 5 wa mwaka 2022 nilipata krizi ya moyo. Nilikuwa na miaka 44. Waganga wa Lubumbashi walinitunza vizuri, na nilipotoka kitandani walinipeleka kwa munganga wa viungo. Nilikaa kwa kaka yangu mukubwa miezi miwili, na mara tatu kwa juma nilienda kufanya mazoezi: kutembea, kupanda ngazi, kukanyaga kinga ambayo haiendi popote. Tulikuwa wagonjwa sita. Walitupima tansio mbele ya kuanza na kisha kumaliza, na sisi tulichekana juu ya jasho. Siku ya mwisho yule munganga alinishika mukono: "Pasta, hapa tulikufundisha tu. Mazoezi yenyewe yanaanza kesho."

Mimi nilisikia neno moja: mwisho.

Nilirudi kwetu Likasi. Wenye kuijua wanajua milima yake, na vumbi ya malori wakati wa kiangazi. Juma la kwanza nilitembea kila asubui. Lakini kila mutu alinisimamisha: "Pasta, nani amekufa?" Sababu kwetu muchungaji akionekana anaenda mbio mbele ya jua kupanda, ni habari ya kilio. Mama mumoja alinifuata mpaka karibu na soko, machozi tayari kwa macho. Wengine walisema kanisa halina tena pesa ya kunilipia taksi. Nikaona haya. Kisha mvua zikaanza, nikapata sababu nyingine. Mwezi wa 11 nilikuwa tena mutu wa kiti.

Mubaya zaidi, nilijificha nyuma ya Neno la Mungu. Bibi yangu akiniuliza, nilimujibu na 1 Timoteo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili ni faida ndogo. Nilisoma Biblia miaka mitatu kwa shule, na ile elimu niliitumia kutetea uvivu.

Katika mwezi wa 1 wa 2023 tulikuwa na mazishi. Njia ya makaburi inapanda. Katikati ya njia pumzi ilikatika. Vijana waliniketisha juu ya jiwe, sanduku likapita mbele yangu, na shemasi ndiye alizika kwa nafasi yangu. Ile siku sitaisahau.

Munganga alinipima, hakukuta krizi mupya. Aliniambia: "Moyo ni nyama kama ya muguu. Ukiacha kuutumikisha majuma machache tu, nguvu uliyopata inaanza kutoka." Yule shemasi, aliyefanya kazi miaka mingi kwa tanuru ya shaba, akaongeza: "Pasta, moto wa tanuru hauzimwi juu ya kuona haya. Kuuwasha tena ni kazi kuliko kuulinda."

Jioni bibi yangu alisema: "Baba, kama ni haya, tutaona haya wawili." Kesho yake alifunga kitambaa kwa kichwa, akanitangulia mulangoni. Tangu pale hakuna tena mwenye kuuliza nani amekufa. Wanasema: "Tazama, Pasta na Mama wanatembea."

Munganga alituruhusu kuanza na dakika 10, na kuongeza kidogo kila juma. Leo tunafanya dakika 30, siku tano kwa juma. Ni dakika 150, hesabu ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima. Dakika za kwanza tunaenda pole, na za mwisho pole vilevile, sababu moyo hautaki kushituliwa wala kusimamishwa gafula. Kipimo chetu ni mudomo: kama naweza kuongea na Mama, mwendo ni muzuri, kama siwezi kumaliza neno, tunapunguza. Tunatafuta njia ya mbali na malori. Hatutembei kisha kula bukari, wala jua likiwa kali. Mvua ikinyesha, tunazunguka ndani ya kanisa, kutoka mulangoni mpaka mimbara na kurudi. Kila siku Mama anatia alama kwa kalenda ya ukuta. Kuona nafasi tupu kunaniuma kuliko muguu.

Ndugu mwenye kutoka hospitali, usijiamulie wewe mwenyewe. Uliza munganga wako kwanza, na dawa usiache hata ukijisikia muzima. Kama kifua kinakubana, kichwa kinazunguka, ao pumzi inakatika, simama. Kama maumivu ya kifua hayaishi kisha kupumzika, mutu akupeleke hospitali upesi, usingoje kesho.

Na ule mustari? Niliusoma tena. Paulo hakumukataza Timoteo mazoezi. Alipima vitu viwili, akaonyesha ni kipi kilicho kikubwa. Lakini kilicho kidogo si bure. Kwangu mimi, hiki kidogo ndicho kinanifikisha kwa makaburi nikiwa nimesimama, niwafariji wenye kulia.

Mungu atupe uvumilivu. Na wewe ukitukuta njiani asubui, usilie. Tembea pamoja nasi.