Mji Ulioelemewa na Wageni

Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, haujamezwa na bahari bali umeelemewa na wageni. Mwaka 1951 mji huo wa kale ulikuwa na wenyeji 175,000 hivi. Mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Nyumba zilizolea watoto hupangishwa wapita njia. Mwaka 2021 merikebu kubwa zilikatazwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco, na hilo lilikuwa jambo jema. Mwaka 2024 mgeni wa kutwa alianza kutozwa yuro 5 katika siku za msongamano. Wahenga humpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu huja asubuhi akaondoka jioni, jembe lisimfikie. Lakini mgeni alalaye mjini, katika chumba alichohama mwenyeji, husamehewa ada hiyo, kwa kuwa hulipa kodi ya malazi.