Mmekwisha Wote

Ukitoka kwetu Karagwe kwenda Mwanza kutafuta maisha, utaulizwa kabila, kisha utaulizwa lile jingine. Mimi niliulizwa nikitafuta chumba.

"Kijana, wa wapi wewe?"

"Kagera, mama."

"Kagera! Si ndiko ulikoanzia UKIMWI? Huko mmekwisha wote."

Chumba sikupata, eti kimeshachukuliwa. Lakini kilichonikera zaidi ni hilo neno "wote".

Sikatai, wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Ila mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima 2,475, waliochaguliwa kwa bahati nasibu mkoa mzima. Bukoba mjini asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba, 10. Karagwe, 4.5. Ngara na Biharamulo, 0.4! Mkoa ule ule, mwaka ule ule. Aliyepima mjini tu angetuzika sote. Aliyepima Ngara tu angesema hakuna shida, watu wakazidi kuambukizana. Na wote wawili wangekuwa na hesabu sahihi mkononi.

Sisi wa kahawa tunalijua jambo hili. Mnunuzi mwenye akili haridhiki na konzi ya juu ya gunia. Anachoma bambo pembeni, katikati, mpaka chini, maana wapo wajanja (majina nayahifadhi) wanaotanguliza mbichi chini wakafunika kavu juu. Na gunia moja, hata likichomwa vizuri namna gani, halisemei lori zima.

Hata hiyo 4.5 yetu naichoma bambo. Kyerwa imekuwa wilaya mwaka 2012; mwaka 1987 ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Kwa hiyo Murongo, mpakani na Uganda, ilitiwa gunia moja na vijiji vya ndani kabisa. Halafu miaka haisimami: Bukoba mjini kwenyewe walipopima tena mwaka 1996 walikuta asilimia 13.3. Yule mama alikuwa bado anapiga hesabu za wakati nisipokuwa nimezaliwa.

Sasa naandika riwaya ya kijiji kimoja cha Kyerwa, mwaka huo wa 1987. Rafiki yangu kaisoma miswada, kaniuliza mbona mgonjwa ni mmoja tu, ongeza misiba bwana, si Kagera hii? Nimemwacha huyo huyo mmoja. Anaitwa Kokushubila, na ana shamba la migomba.