Mume Wangu Mwanamaji Alipogeuka Mgeni

Msomaji mpendwa, huenda wadhani mwanamaji akishuka melini kazi yake ni kulala na kunywa madafu. Mimi, mke wa mwanamaji, nakuambia sivyo.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa mwaka 1964, na makao yake makuu yako Mtongwe, Mombasa. Meli ikifunga gatini, kazi haikomi. Maji ya chumvi hula chuma, hivyo kutu hukwanguliwa, rangi hupakwa upya na mitambo hukaguliwa. Kuna zamu za ulinzi usiku, mazoezi ya kuzima moto na masomo. Likizo husubiri.

Safari moja mume wangu alirudi baada ya miezi mingi. Kila jioni aliingia akinuka rangi na grisi. Nasi tulikwisha kuzoea kuishi bila yeye: karo nalipa mimi, fundi wa bomba namwita mimi. Siku ya nne kitinda mimba wetu akamwuliza, "Baba, utarudi kwako lini?"

Alicheka, lakini usiku ule hakulala.

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumbe mimi nilikuwa nikimpa kiti na chai tu! Kesho yake nikampa jembe: ampeleke mtoto shule, akague madaftari, atengeneze bomba.

Alipoitwa tena baharini, mtoto alilia. Nami nikafurahi kimoyomoyo, kwani mgeni haliliwi hivyo. Nawe msomaji, wako akirudi kutoka mbali, usimkalishe sana.